Wanafunzi walioacha kupiga mswaki

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Kama ulivuka kutoka upande wa Pweto mwaka 2017, unakumbuka mlichobeba: mtoto, sufuria, blanketi. Mswaki nani aliukumbuka? Wiki mbili tatu baadaye ukisukutua, mate yanatoka na damu. Wengi waliogopa, wakaacha kabisa kugusa meno.

Leo twende mbali kidogo, mji wa Aarhus nchini Denmark, miaka ya 1960. Wakati ule madaktari walibishana juu ya ugonjwa wa fizi. Wengine walilaumu uzee, wengine chakula. Mnorwe mmoja, Harald Löe, na wenzake wakaamua kujaribu. Walipata watu 12 wenye fizi nzima: wanafunzi 9 wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, mwalimu mmoja na mafundi wawili wa maabara. Wakaambiwa: acheni kusafisha meno.

Hebu fikiria! Watu wanaosomea meno wanakatazwa mswaki.

Utando laini ukaanza kujijenga kwenye meno. Kwa darubini walikuta kwanza vijidudu vya mviringo, kisha virefu kama nyuzi, baadaye vyenye umbo la kujipinda. Kati ya siku ya 10 na ya 21, fizi za wote 12 zilikuwa zimeugua. Hakuwapo hata mmoja aliyenusurika, na hao hawakukimbia vita wala kulala njaa. Waliporudishiwa mswaki, fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965.

Tangu hapo somo la usafi wa kinywa lilipata uzito mpya vyuoni. Mwanafunzi wa meno anajifunza kwamba kumwonyesha mgonjwa namna ya kusugua ni tiba yenyewe, si maneno ya kumsindikizia mlangoni.

Kwa hiyo damu ile ya safarini haikuwa laana, wala aibu yako. Panapotoka damu ndipo panapohitaji kusuguliwa, polepole, pale jino linapokutana na ufizi. Huna mswaki wa dukani? Nyuzi za nailoni ziliingia kwenye miswaki mwaka 1938 tu, na neno lenyewe mswaki lilikuwa jina la kijiti kabla ya plastiki. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza vijiti hivyo vitumike pale vilipo desturi. Chukua mti ambao wazee wenu waliutumia, usiokote usioujua. Tafuna ncha mpaka iwe laini, na kesho ukate ncha mpya.

Lakini mswaki haurudishi mfupa uliokwisha kuliwa. Jino likilegea, usaha ukitoka, au shavu la mtoto likivimba na kinywa kunuka, usihesabu wiki. Nenda kliniki leo.

(Muziki unapanda.)