Maisha na Kazi ya Bibi Janet Mondlane

Baada ya kusoma hesabu za Mweka Hazina, yafaa msomaji apumzishe macho kwa habari ya mtu. Safari hii habari yenyewe inahusu jambo ambalo vyama vyetu vya kusaidiana huulizwa kila mara, wala hazipiti siku nyingi bila kuulizwa tena: mke aliyeolewa kutoka kwa watu wengine ni wetu mpaka lini? Wako wasemao kwamba ni wetu maadamu mumewe yu hai, na mume akizikwa haki yake imezikwa pamoja naye. Wako wasemao kwamba aliyeingia nyumbani hatolewi. Kabla ya kuamua, na tutazame maisha ya mwanamke mmoja aliyetoka mbali kuliko wote tuwajuao.

KUZALIWA NA KUOLEWA KWAKE

Janet Rae Johnson alizaliwa mwaka 1934 katika jimbo la Illinois, Marekani, katika jamaa ya Wazungu Wakristo. Mwaka 1951, alipokuwa msichana wa miaka 17, alikwenda katika kambi ya vijana Wakristo katika jimbo la Wisconsin. Huko alimsikia Mwafrika mmoja akizungumza juu ya bara la Afrika. Msemaji huyo alikuwa Eduardo Chivambo Mondlane, aliyezaliwa mwaka 1920 Manjacaze, kusini mwa Msumbiji. Alikuwa mtoto wa ukoo wa kichifu, aliyechunga mifugo utotoni na kusomeshwa na wamisionari wa Kiswisi. Mwaka 1949 alifukuzwa Afrika ya Kusini, alikokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sababu ya rangi yake.

Wawili hao waliandikiana barua kwa muda wa miaka mitano. Wazazi wa msichana hawakuridhika, na katika kanisa pia walikuwapo walioona shaka. Msomaji akumbuke kwamba siku zile majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria ya kukataza ndoa baina ya Mweupe na Mweusi, na kwamba Mahakama Kuu ya nchi ile haikuzifuta sheria hizo mpaka mwaka 1967. Hata hivyo walioana mwaka 1956. Mwaka uliofuata Bwana Mondlane aliingia kazini katika Umoja wa Mataifa huko New York, na mwaka 1960 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Kwa hiyo Bibi Mondlane angeweza kukaa Marekani maisha yake yote akiwa mke wa mtu mwenye kazi nzuri na mshahara wa kutosha.

SAFARI YA MWAKA 1961

Mwaka 1961 jamaa hiyo ilizuru Msumbiji. Wareno hawakumpenda mgeni huyo, lakini hawakuweza kumgusa, kwa kuwa alibeba pasi ya Umoja wa Mataifa. Watu walimjia kwa wingi kumweleza taabu zao, na askari wa upelelezi walimfuata kila alipokwenda. Mkewe naye aliyaona yaliyokuwako. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1950, Waafrika waliohesabiwa na Wareno kuwa wastaarabu, yaani wenye haki za raia, hawakufika 5,000 katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni tano. Waliobaki waliandikwa kuwa wenyeji tu, na wengi walilazimishwa kufanya kazi na kulima pamba wasiyoitaka.

Baada ya safari hiyo Bwana Mondlane aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, akafundisha kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Tarehe 25 Juni 1962 chama cha FRELIMO kilifanyizwa mjini Dar es Salaam, naye akachaguliwa kuwa Rais wake.

Hapa pana jambo la kutuhusu sisi. FRELIMO ilitokana na kuungana kwa vyama vitatu. Kimoja chao, MANU, kilikuwa na mizizi katika vyama vya kusaidiana vya Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na ya pwani ya Kenya. Watu waliochangishana senti za sanda na za nauli ya mgonjwa ndio waliojifunza kuandika orodha ya wanachama, kutunza fedha za watu, na kuendesha mkutano kwa taratibu. Na Wamakonde wa Kwale, wajukuu wa wafanya kazi hao, walikaa Kenya miaka mingi mno bila kuhesabiwa raia, mpaka serikali ilipowapa vitambulisho mwaka 1916 ukiongeza miaka mia, yaani 2016. Kwa hiyo swali la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji si geni kwetu.

KAZI YA DAR ES SALAAM

Mwaka 1963 Bibi Mondlane alihamia Dar es Salaam pamoja na watoto wake watatu. Vijana wa Msumbiji walikuwa wakifika mjini humo mmoja mmoja na makundi kwa makundi, wengine kwa miguu, na wengi walikuwa hawakusoma ila madarasa machache ya misheni. Hawakujua Kiingereza, basi shule za Tanganyika zisingeweza kuwapokea. Ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Msumbiji, iliyojengwa Kurasini, naye Bibi Mondlane akawa Mkurugenzi wake.

Mimi ni karani, na sehemu hii ya habari ndiyo inayonishika zaidi. Watu wengi wakisoma habari za ukombozi hutafuta bunduki. Lakini shule haiendeshwi kwa bunduki. Kuna mchele wa wanafunzi, magodoro, chaki, dawa, mshahara wa mwalimu na petroli ya gari. Fedha za kwanza, karibu dola 100,000, zilitoka katika Mfuko wa Ford wa Marekani. Wareno walilalamika mbele ya serikali ya Marekani, wenzao katika mapatano ya ulinzi ya NATO, na msaada huo haukutolewa tena. Basi shule ilikwisha kufunguliwa, wanafunzi wamo bwenini, na mfadhili ameondoka.

Mkurugenzi hakufunga mlango. Alikaa akaandika barua, akasafiri, akaomba. Makanisa yalijibu, na tangu mwaka 1965 serikali ya Sweden ilitoa ruzuku. Baadaye nchi nyingine za kaskazini ya Ulaya zilifuata. Wengi wa wafadhili hao hawakuwa tayari kutoa senti moja kwa jeshi, ila walikuwa radhi kutoa kwa shule na kwa hospitali. Kwa ajili hiyo Taasisi ilitengwa na chama cha siasa, ikawa na hesabu zake. Aliyetoa fedha za dawa aliweza kuonyeshwa dawa. Waliokwisha kushika cheo cha Mweka Hazina wataelewa mara moja kwamba hiyo si kazi ndogo. Msaada wa kwanza huja kwa huruma, lakini wa pili huja kwa sababu mwenye kutoa ameona hesabu ya ule wa kwanza.

Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma kukimbilia Tanganyika, na mzigo wa Taasisi ukaongezeka. Ilifundisha wauguzi na wasaidizi wa waganga waliorudi kutumika upande wa pili wa mto. Ilitengeneza vitabu vya kusomea kwa ajili ya shule zilizofunguliwa chini ya miti katika sehemu zilizokombolewa za Cabo Delgado na Niassa. Huko Tunduru palikuwa na kituo cha watoto, na Mtwara palikuwa na hospitali iliyopewa jina la Daktari Américo Boavida, mganga wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968.

Miongoni mwa waliofanya kazi pamoja na Bibi Mondlane alikuwamo binti aitwaye Josina Muthemba, aliyesaidia katika mambo ya wanawake. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa, akaenda kutumika ndani ya Msumbiji. Baadaye aliongoza idara ya mambo ya jamii ya FRELIMO, akishughulikia mayatima na watoto wa vita, akaolewa na Samora Machel mwaka 1969. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, umri wake miaka 25. Taasisi iliyoweza kutoa mtu kama huyo haikupoteza mchele wake.

SIKU ZA KUKATALIWA

Si vema kuandika habari za mtu kana kwamba njia yake ilikuwa tambarare. Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa uchungu. Wanafunzi wengi wa Kurasini hawakutaka tena kuambiwa kwamba masomo yao ni kwa ajili ya kwenda kutumika vijijini na vitani. Walitaka kupelekwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Padre Mateus Gwenjere, aliyekuwa mwenyewe mwana wa Msumbiji, aliwaunga mkono. Walinung'unika pia juu ya walimu Wareno weupe waliojiunga na FRELIMO, na manung'uniko hayo yalimfikia Mkurugenzi mwenyewe: ni mweupe, ni Mmarekani, ana nini na sisi? Mwezi wa Machi ghasia zilizuka bwenini na shule ikafungwa. Mwezi wa Mei ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Walimu wale weupe wakaamriwa kuondoka Tanzania.

Haifai kuwacheka vijana wale. Mtu aliyekulia chini ya Wareno alikuwa na sababu za kumwogopa kila mweupe, na kijana mwenye njaa ya elimu si mwovu kwa kuitaka. Lakini na tufikiri kidogo juu ya yule aliyelaumiwa. Alikuwa ametoa miaka mitano kwa watoto wasio wake, na sasa watoto hao wanamwambia kwamba rangi yake inatosha kuwa hukumu. Angeweza kurudi Illinois, wala hakuna ambaye angemshangaa. Alibaki.

Haukupita mwaka, jambo zito zaidi likaja. Tarehe 3 Februari 1969 Bwana Mondlane alikuwa katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay, akifungua barua zake. Katika kifurushi kimoja mlikuwa na kitabu kilichotegwa bomu. Alikufa pale pale. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, na Mwalimu Nyerere alikuwapo mazishini.

Basi swali tulilolianza hapo juu lilimkabili mwanamke huyu kwa namna iliyo kali kabisa. Mume ndiye aliyekuwa kiungo chake na nchi ile, na kiungo kimekatwa. Watoto watatu bado wadogo. Nchi yenyewe hawezi kuingia, maana ingali mikononi mwa Wareno. Chama kimegawanyika, na wapo waliokwisha kumwita mgeni. Hata hivyo aliendelea kuiongoza Taasisi. Shule ya sekondari ilifunguliwa tena, safari hii Bagamoyo, mwaka 1970. Barua ziliendelea kuandikwa na dawa ziliendelea kufika Mtwara. Alishika kazi hiyo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka sita na zaidi baada ya kumzika mumewe.

BAADA YA UHURU

Nchi aliyoingia ilikuwa maskini wa elimu: zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Wareno wengi walikuwa wameondoka, na haukupita muda vita vingine vikaanza, vya wenyewe kwa wenyewe, visivyokoma mpaka mapatano ya Rumi ya tarehe 4 Oktoba 1992. Katika miaka hiyo Bibi Mondlane alitumika kama Katibu Mkuu wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Msumbiji. Ilipoundwa Halmashauri ya Taifa ya kupigana na UKIMWI mwaka 2000, yeye ndiye aliyewekwa kuwa Katibu Mtendaji wake wa kwanza, naye amekwisha kupita umri wa miaka 65, umri ambao makarani wengi tumekwisha kukabidhi funguo za kabati. Mifupa ya mumewe ilihamishwa kutoka Kinondoni ikapelekwa Maputo. Yeye hakuhamishwa na mtu. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akafuata kazi.

TUJIFUNZE NINI?

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kumsukuma mgeni asikae bure. Lakini ina maana ya pili, nayo ni kwamba aliyekwisha kushika jembe si mgeni tena. Bibi Mondlane hakupata haki yake kwa ndoa peke yake, wala hakuipoteza kwa mauti ya mumewe. Aliipata shambani.

Katika vyama vyetu wamo wanawake wa namna hiyo. Walitoka kabila jingine au nchi nyingine, wakajifunza lugha yetu kwa kuchekwa, wakapika katika misiba yetu, wakakesha na wagonjwa wetu, wakalipa ada kwa jina la mume. Mume akifa, wengine wetu huuliza kwa haraka kwao ni wapi, kana kwamba miaka 20 ya kazi ilikuwa matembezi. Kanuni yenye kumfuta mjane siku ya maziko haitunzi fedha za chama. Inatupa mtu aliyejua kazi. Heri kanuni iulize jambo moja tu: je, huyu amelima pamoja nasi? Na jibu litafutwe katika daftari la mahudhurio na la michango, ambamo majina hayaandikwi kwa rangi wala kwa kabila.