Watu wa Chini ya Ngome

Ngome ya Château Gaillard imesimama juu ya kilima cha chokaa, karibu mita 100 juu ya mto Seine, huko Les Andelys katika nchi ya Normandie, Ufaransa. Mwenye magoti ya miaka zaidi ya 70 hufika juu akihema.

Aliyeijenga ni Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala Normandie pia. Alianza mwaka 1196, na kufikia 1198 kazi kubwa ilikwisha. Alitaka kumzuia Mfalme Philippe wa Ufaransa asishuke na mto mpaka Rouen. Ukuta wa ndani una migongo ya mviringo kama mawimbi, ili mawe yaliyorushwa na mitambo yateleze kando. Wageni husimama hapo kupiga picha, na ni haki yao.

Lakini Richard alijenga pia mji mpya kando ya mto, na watu wakahamia. Alikufa mwaka 1199, ufalme ukamwangukia mdogo wake, John. Philippe alipokuja mwaka 1203 na kuuteka mji ule, wakazi walikimbilia ngomeni pamoja na wazee na watoto wao.

Kamanda, Roger de Lacy, alipima akiba ya chakula. Akawatoa nje wasioweza kupigana. Makundi mawili ya kwanza askari wa Philippe waliyapisha. Kisha mfalme akakataza. Kundi la mwisho lilipokelewa kwa mishale; likarudi mlangoni, likakuta pamefungwa. Wakakaa mteremkoni, kati ya majeshi mawili, wakati wa baridi. Kasisi Guillaume le Breton, mtu wa Philippe mwenyewe, ameandika kwamba walikula majani na nyama ya mbwa. Wengi walikufa kabla mfalme hajawaruhusu waliobaki kupita.

Wako wanaosema de Lacy hakuwa na njia nyingine. Hesabu yake ya chakula naielewa. Ila watu wale walihamia pale kwa kuitegemea ngome ile ile, na ngome yenyewe ilianguka tarehe 6 Machi 1204. De Lacy alitekwa, akakombolewa kwa fedha.

Kutoka mteremkoni mji unaonekana wote, paa kwa paa. Katika majira yale ya baridi walikuwa wakizitazama nyumba zao, zimekaliwa na wengine.