Hadithi za Wapelelezi, na Sababu za Kupendwa Kwake

Katika kabati ya vitabu ya shule, kitabu cha upelelezi hujulikana hata kabla ya kusomwa jina lake: jalada limechakaa, na kurasa zimelegea kwa kupita mikono mingi. Wazee hukisoma, vijana hukisoma, na aliyekianza jioni huzima taa usiku wa manane. Wako wasemao kwamba huku ni kupoteza wakati tu, kwa kuwa hadithi hizi hueleza wizi na mauaji. Lakini jambo lipendwalo na watu wengi namna hii lafaa kuchunguzwa asili yake. Na asili ya hadithi hizi si ya kale sana, nayo imefungamana na habari za askari wa kweli.

Zamani, katika nchi nyingi za Ulaya, mtu aliyeshukiwa aliweza kuteswa mpaka akiri, na kukiri kwake ndiko kulikohesabiwa kuwa ushahidi. Kazi ya kutafuta ukweli kwa dalili, bila ya kumtesa mtu, ilikuwa bado changa. Mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, Vidocq, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa gerezani, aliwekwa kuwa mkuu wa wapelelezi, na mwaka 1828 habari za maisha yake zikapigwa chapa zikasomwa na watu wengi. Mjini London polisi wapya waliwekwa mwaka 1829. Nao walivaa sare ili kila mtu awaone, maana Waingereza walichukia sana kupelelezwa kwa siri. Hata mwaka 1842 ndipo walipochaguliwa watu wanane tu kuwa wapelelezi, wenye ruhusa ya kuvaa nguo za kiraia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1841, Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa ametoa hadithi ya Dupin, mtu wa Paris afumbuaye mauaji kwa kufikiri tu. Basi mpelelezi wa hadithi na mpelelezi wa London walifuatana kuzaliwa kama ndugu wawili.

Mmoja wa wale wanane alikuwa Jonathan Whicher, mtu wa asili ya kimaskini, aliyekuwa kibarua kabla ya kuwa askari. Mwaka 1850 Charles Dickens aliwaalika wapelelezi katika ofisi ya gazeti lake, akawasikiliza, akawasifu kwa maandishi. Watu wakaanza kudhani kwamba hakuna siri iwezayo kufichika mbele yao. Dhana hiyo ilijaribiwa mwaka 1860, katika kijiji cha Road, magharibi mwa Uingereza.

Asubuhi ya tarehe 30 Juni, katika nyumba ya Bwana Samuel Kent, mtoto wake wa kiume, ambaye hajatimiza miaka minne, hakuonekana kitandani. Alitafutwa, akapatikana katika choo cha bustanini, naye amekatwa koo. Nyumba ilikuwa imefungwa usiku. Basi ilionekana kwamba mwuaji alilala ndani ya nyumba ile ile. Polisi wa pale walimshuku yaya. Majuma mawili yakapita bure, ndipo alipoletwa Whicher kutoka London.

Whicher hakuanza na kisu wala na nyayo. Alianza na orodha ya nguo za kufuliwa. Aligundua kwamba Constance, binti wa Bwana Kent kwa mke wa kwanza, mwenye miaka 16, alikuwa na kanzu tatu za kulalia, na sasa zilikuwako mbili tu. Binti alisema ya tatu imepotea kwa dobi. Whicher alisadiki kwamba kanzu iliyokosekana ilikuwa na damu, na kwamba msichana yule amefanya hila ili lawama imwangukie dobi. Akamkamata, akampeleka mbele ya mahakimu. Lakini kanzu yenyewe haikupatikana, na mashahidi hawakutosha; msichana akaachiliwa. Wakili wake alimshutumu mpelelezi, na magazeti yakafuata. Watu walikasirika kwamba askari wa asili duni amethubutu kumshtaki binti wa watu wenye heshima kwa ajili ya kanzu moja. Sifa zake zikavunjika, na mwaka 1864 aliacha kazi mapema kwa sababu ya ugonjwa.

Aprili 1865 Constance, ambaye sasa alikuwa na miaka 21, alikwenda London pamoja na kasisi, akasimama mbele ya hakimu, akakiri kwamba yeye peke yake alimwua mtoto yule. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akatolewa mwaka 1885. Whicher alikuwa amekwisha kufa mwaka 1881. Na hata leo wako waandishi wanaoshuku kwamba ungamo lile halikueleza yote.

Sasa tutazame hadithi ilivyoitumia habari hii. Mwaka 1868 Wilkie Collins alitoa kitabu chake *The Moonstone*, habari za almasi iliyoibwa katika nyumba ya wakubwa. Ndani yake mna kanzu ya kulalia yenye doa na isiyoonekana, mna binti anayeshukiwa, na mna mpelelezi kutoka London, Sajenti Cuff, ambaye anafukuzwa bila ya kumaliza kazi. Ila doa lile ni la rangi ya mlango, si la damu. Na mpelelezi anarudi mwishoni, na fumbo linafumbuliwa. Ni nani aliyeiba, hatusemi, asije msomaji akatulaumu.

Katika mfano huu twaona sababu tatu za kupendwa kwa hadithi hizi. Ya kwanza ni fumbo. Sisi Waswahili twaijua raha hii tangu utotoni: mmoja asema "Kitendawili!", wengine wajibu "Tega!", na wakishindwa humpa mji. Mwandishi wa upelelezi hutega vivyo hivyo, akiziweka dalili wazi mbele yetu, nasi twashindana naye.

Ya pili ni kungoja. Hadithi ya Collins ilitolewa kila juma katika gazeti la Dickens, na kila kipande kiliwaacha wasomaji roho juu juu mpaka juma la pili. Moyo wa mwanadamu hauwezi kutulia juu ya neno lililokatwa katikati.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kiu ya haki. Whicher alishuku sawasawa, akaaibishwa, akangoja karibu miaka mitano. Hadithi yatupa kwa usiku mmoja kile alichonyimwa yeye. Kwa hiyo wapelelezi wa vitabu wameenea duniani: Sherlock Holmes wa Conan Doyle tangu 1887, Inspekta Maigret wa Georges Simenon tangu miaka ya 1930, na kwetu Bwana Msa, mwenye kiko chake, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichopigwa chapa mwaka 1960.

Basi na tuzisome hadithi hizi bila ya haya, maana zatufundisha kutazama mambo madogo na kutoridhika na uvumi. Lakini tukumbuke tofauti moja. Msomaji anajua kwamba jibu liko katika ukurasa wa mwisho. Hakimu hana ukurasa wa mwisho. Wale mahakimu waliomwachilia Constance hawakuwa wapumbavu. Kama wangalimhukumu mtu kwa kanzu isiyoonekana, kesho yake angalihukumiwa mwingine asiye na hatia kwa dalili kama hiyo. Kosa lilikuwa la wale waliomdhihaki Whicher, kana kwamba asiyeweza kuthibitisha neno amesema uwongo. Kushuku ni kazi ya mpelelezi, na kuthibitisha ni sharti la baraza. Nchi inayovichanganya viwili hivi itamdhulumu mmoja wao, au mshtakiwa, au wote pamoja.