Kukurupusha

Kukurupusha ni kumfanya kiumbe aliyejificha atoke mbio ghafla. Kitenzi hiki kinatokana na kurupuka. K imegeuka sh, kama amka inavyozaa amsha na anguka inavyozaa angusha.

Ni kitenzi kinachostahili kutumika katika uwindaji wa ndege kwa mbwa. Mbwa aina ya pointer akinusa kwale hakurupushi: husimama tuli, pua mbele, mara nyingi mguu mmoja juu, akimsubiri mwindaji. Lakini mbwa aina ya springer spaniel, iliyotambuliwa na chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, mwaka 1902, hupenya kichakani na kumkurupusha ndege aruke.

Mbwa huyu hufundishwa kwanza kutafuta bila kuvuka masafa ya bunduki, kisha kukaa chini papo hapo ndege anaporuka au filimbi inapolia. Asipokaa, atamkimbilia ndege na huenda akapigwa risasi. Ndege akipigwa na kuanguka, mbwa huamriwa kumwokota na kumleta bila kumtafuna.

Basi kukurupusha si kufukuza. Anayefukuza huendelea kuandama. Anayekurupusha kazi yake huisha mawindo yanapoinuka.