Anga ya Asubuhi na Anga ya Alasiri

Ukisimama Naitiri asubuhi kukiwa kweupe, unauona mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon, ukiwa kaskazini magharibi na mita zake 4,321. Ukigeukia kaskazini mashariki unaiona Cherangani. Baada ya chakula cha mchana, milima yote miwili mara nyingi huwa imetoweka ndani ya mawingu.

Nililelewa hapa, kwenye shamba ambalo baba alipata katika skimu za makazi baada ya Uhuru. Baadaye niliajiriwa kupima hali ya hewa Kitale, nikaifanya kazi hiyo hadi nikastaafu. Niliandika mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga, upepo watoka wapi, ngurumo imesikika upande gani. Karatasi ya saa tatu asubuhi na ile ya saa tisa alasiri zilionekana kama zimeandikiwa nchi mbili tofauti. Naamini historia ya ndege katika nyanda hizi za magharibi imo zaidi ndani ya tofauti hiyo, kuliko ilivyo katika majina ya makampuni.

Safari za ndege zenye ratiba zilifika pande zetu mwaka 1931, Imperial Airways ilipofungua njia ya kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Abiria waliotoka Khartoum walitua Ziwa Victoria kwa ndege za majini, kisha Kisumu wakapanda ndege ya nchi kavu. Kutoka hapo kwenda Nairobi hakuna njia ya kuikwepa milima ya Mau. Kwa safari hizo za kusini kampuni iliagiza ndege maalum, Armstrong Whitworth Atalanta, yenye injini nne. Sharti mojawapo lilikuwa ibebe abiria 9 na iende kilomita 185 kwa saa ikiwa kimo cha futi 9,000. Stesheni ya reli ya Timboroa iko kwenye kimo hicho hicho cha futi 9,000. Yaani ndege iliyobuniwa kwa ajili ya Afrika yetu ilitakiwa iende pale ambapo garimoshi la kwenda Eldoret lilikuwa linasimama tangu 1924!

Natia mkazo hapo kwa sababu abiria wa leo, aliye futi 30,000 na zaidi, hupita juu ya sehemu kubwa ya vurugu za hewa. Wale wa 1933 walikaa humo ndani tangu kupaa hadi kutua. Ndiyo maana safari za zama zile zilianza alfajiri, na abiria waliamshwa gizani.

Usiku hewa ya miteremko hupoa, ikawa nzito, ikateremka kutoka Masaba na Cherangani hadi bonde la Nzoia. Hewa baridi ikiwa chini na yenye joto ikiwa juu, hakuna kinachosogea, na ndege hupita pasipo kutikisika. Jua likichomoza, miteremko inayotazama mashariki hupata joto kwanza. Hewa inayoigusa hupanda, nyingine hushuka kuchukua nafasi yake, na rubani anayekatiza kati ya hizo mbili huinuliwa na kuangushwa katika muda wa sekunde chache. Kufikia adhuhuri unaingia upepo wa Ziwa Victoria, umejaa unyevu, ukitoka kusini magharibi. Unakutana na upepo wa mashariki uliovuka Bonde la Ufa, na makutano yao yako juu ya Nandi, Kakamega na huku kwetu. Hewa iliyobanwa pande zote mbili haina pa kwenda ila juu. Saa nane utaona mawingu yakisimama wima, na saa tisa nilikuwa nikiandika ngurumo.

Vijana waliotumwa kwetu kujifunza walifika na michoro ya Ulaya. Huko, mwaka 1933, warukaji wa ndege zisizo na injini Ujerumani waligundua kwamba upepo mkali ukivuka mlima huendelea kupanda na kushuka kwa mawimbi mbali sana upande wa pili. Mawimbi hayo yanaua. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya BOAC aina ya Boeing 707 ilivunjika angani karibu na mlima Fuji, Japani, watu 124 wakafa. Somo ni la kweli, lakini karibu na ikweta upepo wa juu mara nyingi ni mpole. Kwetu ndege hutikiswa na jua na Ziwa, na niliwarudia jambo hilo hadi wakachoka nami.

Waliolijua vizuri zaidi ni marubani wa mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walikodi ndege za kunyunyiza iodidi ya fedha chini ya mawingu ya ngurumo. Rubani mwingine yeyote angegeuza. Hawa walitafuta kwa makusudi mahali hewa inapopanda kwa nguvu, wakakaa hapo.

Kaskazini ya Cherangani mambo ni mengine kabisa. Mwaka 1982 Kinuthia na Asnani walichapisha maelezo ya mkondo wa upepo mkali unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ukipita Turkana. Leo upepo huo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani.

Milima ya Kenya nayo imeua. Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta tatu za jeshi la Uganda, zikielekea Somalia, zilianguka Mlima Kenya na watu 7 wakafariki. Na tarehe 5 Juni 2018 Cessna Caravan yenye usajili 5Y-CAC iliondoka Kitale kwenda Nairobi, saa kumi na dakika chache alasiri, ikiwa na watu 10. Mabaki yake yalionekana tarehe 7 katika milima ya Aberdare. Hakuna aliyepona. Ndege hiyo iligonga mlima. Sisemi kwamba hewa ndiyo iliyoivunja. Lakini mawingu yanayoficha milima alasiri hutokana na jua lile lile na hewa ile ile inayopanda, na kila mkulima wa Naitiri anajua saa yanapokuja.

Ningepewa ratiba ya Kitale niipange mimi, ndege ndogo ya mwisho kwenda Nairobi ingekuwa imetua huko kabla ya saa sita mchana, na msafiri mwenye shughuli za jioni angelala mjini.