Nani Alikuwa Anapimwa? Shule za Gava Bombolulu na Miaka ya KCPE

Kabla Bombolulu haijakuwa stage ya matatu, upande huu wa ng'ambo ushazoea shule. Mwaka 1875, wamishenari wa Church Missionary Society walianzisha Frere Town, makazi ya watu waliookolewa utumwani, na pamoja na kanisa wakaweka shule. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, alitoka kwenye jamii hiyo. Kwa hivyo mtu akikwambia watu wa huku hawajawahi kujali masomo, mpeleke Kengeleni kwanza.

Basi ilikuwaje shule za gava za mitaa hii zikawa za kuchekwa kila matokeo yakitoka?

Anza na swali la mwenye shule. Mkoloni aligawa elimu kwa rangi: Mzungu shule yake, Mhindi yake, Mwarabu yake, Mwafrika yake, na pesa hazikuwa sawa. Shule nyingi zenye majina makubwa zilibaki kisiwani. Baada ya uhuru, baraza la mji ndilo lililosimamia shule za msingi za Mombasa. Halafu Katiba ya 2010 ikaipa kaunti chekechea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Leo bati likivuja, diwani anakwambia hilo si lake, mbunge anakwambia ungoje CDF, na mwalimu mkuu anaitisha mkutano wa wazazi. Shule ni ya kila mtu, lakini ukitafuta mwenyewe humpati.

Halafu kuna pesa. Kuanzia 1974, Kenyatta alifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, lakini michango ya ujenzi ikaingia kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 80 ikaja sera ya kugawana gharama, mzazi akabeba mzigo tena. Januari 2003, serikali ya Kibaki ikafungua milango: nchi nzima, wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Walimu je? Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri tangu 1998, ikijaza tu nafasi za walioondoka. Sasa fikiria mtaa kama Bombolulu, wa vyumba vya kukodi, wazazi wakitafuta riziki hotelini, soko la Kongowea na kwenye mijengo. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa karo waliingia darasani, na hiyo ilikuwa haki yao. Lakini dawati halikunyooka kwa sababu rais ametangaza.

Mzazi aliyekuwa na kitu kidogo akamhamishia wake akademi. Hakuwa mbaya, alihesabu vichwa darasani akaogopa. Lakini akiondoka yeye, huondoka pia ile sauti ya kusumbua mkutanoni.

Juu ya hayo yote ikawekwa orodha. KCPE ilianza 1985, pamoja na 8-4-4, na kila matokeo yalipotoka shule zilipangwa kwa wastani, magazetini na mdomoni mwa watu. Akademi ilichagua nani aingie, tena kwa mtihani. Shule ya gava ilipokea yeyote aliyebisha hodi. Halafu zote mbili zikapimwa kwa kipimo kimoja, na sisi tukaita hiyo bidii. Nchini kote kulikuwa na shule zilizorudisha watoto darasa au kuwasajili kituo kingine ili wasishushe wastani. Hapo mtoto akawa doa kwenye hesabu ya watu wazima.

Serikali yenyewe ilijua mizani imepinda. Mwaka 2011 ilizipa shule za umma nafasi nyingi zaidi za kidato cha kwanza kwenye shule za kitaifa, na wenye akademi wakapiga kelele. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumrudisha mtoto darasa. Mwaka 2014, Waziri Jacob Kaimenyi akafuta upangaji wa shule. KCPE ya mwisho ikafanywa 2023.

Wengi tulishangilia. Lakini orodha, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa ndiyo karatasi pekee ambayo mama muuza mahamri angeweza kuishika mkutanoni na kuuliza, "Mbona hivi?" Tumemnyang'anya bila kumpa nyingine. Kuanzia 2009, watafiti wa Uwezo walikuwa wakienda nyumbani na kumwomba mtoto asome kisa kifupi cha kiwango cha darasa la pili. Mapema tu walikuta kuwa kama watoto watatu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio waliokiweza. Kipimo hicho hakiulizi mtoto ametoka shule gani. Kinauliza kama anasoma.

Hicho ndicho mzazi wa Bombolulu anachostahili kudai kila muhula: mtoto wangu aliingia akijua nini, sasa anajua nini, na darasani mko wangapi kwa mwalimu mmoja? Maswali matatu, hayahitaji gazeti. Na wewe uliyepita shule hizo ukahamia Nyali au Nairobi, mkutano wa wazazi bado unaitishwa. Mdogo wako yuko pale. Nenda ukaulize.