Vinanda Viwili na Besi Moja

Kamati ya jubilei ilituomba sisi wa ofisi ya katibu tuandike historia ya kwaya kwa miaka hii 25. Orodha ya viongozi, ziara na kanda tulizorekodi imo katika kurasa zinazofuata, kwa hivyo hatutairudia hapa. Tungependa kueleza jambo moja lililotugawa tangu mwaka jana, ambalo wageni wetu wataliona leo kwa macho yao: kwa nini kuna vinanda viwili mbele, na kwa nini wimbo wa kwanza hautumii hata kimoja.

Kile cha zamani, chenye vitufe vilivyogeuka rangi ya chai, ni Yamaha ya miaka ya themanini iliyonunuliwa mtumba Nairobi kwa michango ya waanzilishi. Wazee wetu wanasema hiyo ndiyo sauti ya kanisa. Vijana wanasema inalia kama baiskeli ya muuza aiskrimu. Mwaka jana ilipopendekezwa kiuzwe, mkutano ulivunjika bila sala ya kufunga.

Ilibidi tujiulize hiyo sauti ya kanisa ilitoka wapi. Jibu ni kwamba iliingia Kamakis kupitia runinga.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Voice of Kenya, na mwaka 1989 jina la KBC likarudi. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu. Mwenye runinga alitazama alichopewa, na Jumapili alipewa kwaya. Waliokua wakati huo hawahitaji kuelezwa Sing and Shine wala Joy Bringers ni nini. Kwaya zilisimama kwa safu, sare zimepigwa pasi, kila mtu akiyumba upande mmoja na mwenzake.

Hapa kwetu, kabla ya Eastern Bypass, kabla ya moshi wa nyama choma, palikuwa na kahawa. Nyumba zenye runinga zilihesabika. Nyingi zilikuwa Great Wall za inchi 14, zisizo na rangi, zikiendeshwa kwa betri ya gari iliyobebwa hadi Ruiru kuchajiwa. Mtoto mmoja alikaa nje akizungusha eriali huku wa ndani wakimpigia kelele, "Hapo hapo! Umepitisha!" Waanzilishi wetu wengi walikuwa ama yule wa nje ama wale wa ndani. Walipoanzisha kwaya, walitaka isikike kama zile za Jumapili, na ndiyo sababu walitafuta kinanda chenye sauti ile.

Lakini sauti yenyewe haikutoka kanisani. Mwaka 1967 mwanamuziki wa Marekani, John Chowning, alikuwa akifanya majaribio na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford. Alitaka kuona kutetemesha sauti kunaweza kufika wapi. Wanakwaya tunakujua kutetemesha: ni lile wimbi dogo ambalo msoprano huliweka kwenye noti ndefu. Chowning aliongeza kasi ya mtetemo ule hadi sikio likashindwa kuuhesabu, na hapo haukusikika tena kama mtetemo. Ukawa rangi mpya ya sauti. Uwiano wa mawimbi mawili ukiwa wa hesabu rahisi, sauti inatulia. Ukiwa wa hesabu isiyokaa sawa, inalia kama kengele. Yamaha walinunua haki za kutumia mbinu hiyo, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda chenye sauti 32 katika kumbukumbu yake na uwezo wa kupiga noti 16 kwa wakati mmoja. Kiliuzwa zaidi ya 150,000. Vinanda vidogo vya nyumbani vikafuata kwa mbinu ileile, vikiwa na midundo iliyopangwa tayari ndani, na kimoja kati ya hivyo ndicho hiki chetu.

Kwa hiyo sauti ya kanisa ina umri wa kuwa dada mkubwa wa baadhi yetu, na mzazi wake ni hesabu. Tuliposoma hayo mbele ya mkutano, vijana walipiga makofi. Hawakujua kwamba zamu yao ingefika.

Spika ya Great Wall ilikuwa ndogo kama kisahani cha chai. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, ila sauti kali na za juu hupita bila shida, na sauti ya kengele hupita kuliko zote. Maana yake ni kwamba waanzilishi wetu waliisikia soprano, wakakisikia kinanda, na kuhusu besi waliona tu wanaume wa safu ya nyuma wakifungua na kufunga vinywa. Hiyo ndiyo kwaya waliyojifunza. Kwa miaka mingi tulikuwa na wasoprano wa kujaza basi, na wanabesi wetu hawakujaza hata kiti cha nyuma. Tulipokutana na kwaya za Tanzania tuliziogopa kwa besi yao. Tanzania Bara haikuwa na runinga hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1974. Hatusemi hiyo ndiyo sababu, ila tumeitafakari.

Wala hatukujirekebisha tulipopata nafasi. Tuliporekodi video yetu ya kwanza, sauti ilinaswa studio ya River Road na picha zikapigwa baadaye Fourteen Falls. Mtazamaji makini ataona maji yanaanguka nyuma yetu bila kutoa hata mlio. Studioni fundi alitwambia besi haitasikika kwenye runinga za watu, akaishusha na kupandisha kinanda. Tulikubali sote, hata aliyeshika kalamu hii. Tulifurahi sana siku hiyo.

Mzee wetu wa besi, aliyekuwa akivuna kahawa wakati wa mchana na kuwafundisha wanaume sauti ya nne jioni, amesimama safu ya nyuma katika kanda hiyo. Alitutoka bila kurekodi kitu kingine chochote. Familia yake ilipotuomba nakula ya sauti yake kwa ajili ya ibada ya ukumbusho, tuliitafuta VHS ile, tukakaa na kusikiliza. Mdomo wake unafunguka vizuri kabisa, mikunjo ya shingo inaonekana, na kinachosikika ni Yamaha. Tuliwapelekea picha.

Ndiyo maana mvutano wa mwaka jana ulituumiza kuliko bei ya kinanda. Vijana walitaka chombo kipya chenye sauti za piano halisi na spika za kutikisa madirisha, jambo ambalo Kamakis ya leo inaligawa bure kila Jumamosi tukiwa mazoezini. Wazee walitaka cha zamani kibaki. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana kuhusu mashine, na hakuna aliyeuliza safu ya nyuma ina watu wangapi.

Basi kinanda kipya kimenunuliwa, na cha zamani hakikuuzwa. Kitapigwa katika wimbo wa tatu, ule wa video, kwa mdundo wake uleule. Wimbo wa kwanza utaimbwa kwa sauti nne peke yake, na wanabesi tisa. Tuliwatafuta mwaka mzima, na wawili kati yao ni wajukuu wa Mzee.

Baada ya chakula kanda ile itaonyeshwa ukumbini, ikiwa imehamishiwa kwenye kompyuta. Kijana wetu mmoja amejaribu kuipandisha besi kadiri ilivyowezekana. Mwishoni mwa ubeti wa pili mpiga kinanda anainua mikono ili kubadilisha mdundo, na kwa muda wa kama sekunde nne kinanda kinanyamaza. Tunaomba watoto wakae kimya hapo.